Kusafisha na kuandaa maganda ya risasi nyumbani: maswali ninayoulizwa kila siku

Naishi Minnesota, kila Novemba nawinda kulungu wa huku na bunduki ya .308 (hiyo ni namba ya aina ya risasi yake), na tangu 2014 najaza risasi zangu mwenyewe kwa gereji. Wakenya na Watanzania wenzangu, na siku hizi hata ndugu zetu Wakongo walioko Iowa na Kentucky, wakianza kuwinda wananipigia simu na maswali ni yale yale, kwa hivyo nimeona niyaandike yote mara moja. Hapa naongea juu ya ganda tu, kile kikopo cha shaba ya manjano kinachobaki baada ya kupiga. Vipimo vya baruti hutavipata hapa. Hivyo vinatoka kwa kitabu cha kampuni iliyotengeneza baruti yako ama kichwa chako cha risasi, na mimi na miaka yangu yote hii bado nafungua kitabu kila mara.

Kwanza, hii kitu ni halali?

Huku Marekani kujaza risasi za matumizi yako mwenyewe hakuhitaji leseni ya serikali kuu. Ukianza kutengeneza za kuuza hapo ndio leseni inahitajika, kwa hivyo usijigeuze duka la marafiki. Majimbo nayo yana sheria zao juu ya hiyo, soma ya kwako.

Sasa kuna jambo ambalo watu wetu wengi hawalijui na linaweza kukuharibia karatasi zako zote. Mtu aliye hapa kwa viza ya muda, iwe ya shule, ya kutembea ama ya kazi, kwa kawaida sheria ya serikali kuu inamkataza kuwa na bunduki ama risasi, isipokuwa awe na sababu inayotambuliwa, kwa mfano leseni halali ya kuwinda ya jimbo. Asiye na karatasi kabisa amekatazwa moja kwa moja. Mwenye grini kadi hayuko kwa katazo hilo. Kama huna uhakika uko wapi, ongea na wakili wa uhamiaji kabla hujanunua hata presi, ile mashine ya mkono ya kujazia risasi, manake hapa hakuna cha "sikujua".

Na nyumbani usijaribu. Kenya na Tanzania kutengeneza risasi bila kibali ni jinai, kazi hiyo ina viwanda vya serikali, kile cha Eldoret na Mzinga kule Morogoro. Ukienda likizo usibebe maganda kwa begi, hata lile moja la kuning'iniza funguo. Mimi kabla ya safari huwa nakung'uta mifuko yote ya begi nililoendea nalo shabaha.

Kwa nini nisinunue mapya tu?

Unaweza, lakini mara nyingi ganda ndilo sehemu ya bei zaidi kwa risasi nzima, na ni sehemu pekee inayorudi mkononi. Praima inaungua, baruti inaungua, kichwa kimeenda, ganda limebaki.

Ukielewa ganda linafanya nini utaelewa kila kitu kingine hapa chini. Hii shaba ni asilimia 70 shaba nyekundu na asilimia 30 zinki. Baruti ikiwaka ndani, ganda linavimba na kubana ukuta wa chemba, yaani pale linapokaa nyuma ya mtutu, ili moto usirudi nyuma kwa uso wako, halafu msukumo ukishuka linanywea kidogo tu, ndio maana linatoka bila kung'ang'ana. Kiwango cha juu cha .308 Winchester ni pauni 62,000 kwa inchi ya mraba. Tairi ya gari yako iko kama 35. Na hiyo nguvu yote iko sentimita chache kutoka kwa shavu lako, imezuiwa na chuma cha bunduki na hiki kikopo chembamba. Kwa hivyo mimi sisafishi maganda yang'ae, nasafisha ili niyaone. Ufa hauonekani chini ya masizi. Ukinielewa hapo tu, hata usiposoma zaidi, umenisikia.

Hizo sehemu za ganda unaziitaje?

Kitako ni nyuma kule penye maandishi. Katikati ya kitako kuna kishimo cha praima, praima ni kile kikofia kidogo kinachogongwa na pini ya bunduki. Ndani ya kishimo kuna tundu la moto la kupitisha cheche. Halafu tumbo, halafu bega pale linapopungua, shingo inayoshika kichwa cha risasi, na mdomo.

Nimeokota maganda uwanja wa shabaha, nitajuaje yanafaa?

Uliza kwanza wenye uwanja kama wanaruhusu kuokota, wengine maganda ni mali yao. Ukishaingiza nyumbani anza na sumaku. Likishika, hilo ni chuma, weka kando. Maganda mengi ya Kirusi ya 7.62x39 ni ya chuma, yamepakwa rangi ama laka, hayajazwi.

Halafu chukua tochi uchungulie ndani mpaka chini. Ukiona tundu moja katikati, hiyo ni Boxer, inafaa, sindano ya dai inasukuma praima nje (dai ni kile kifaa cha chuma kinachofungwa kwa presi, cha kutoa praima ama kurudisha ganda umbo lake). Ukiona vitundu viwili vidogo pembeni hiyo ni Berdan, na ukiilazimisha utavunja sindano. Cha ajabu ni kwamba Berdan alikuwa Mmarekani na Boxer alikuwa Mwingereza, wote wawili mfumo wao ni wa 1866, halafu Wamarekani wakashika wa Mwingereza na Ulaya ikashika wa Mmarekani. Kwa hivyo ukipata maganda ya jeshi la zamani la nchi za Ulaya, chungulia kabla ya kitu chochote.

Baada ya hapo panga kwa maandishi ya kitako. FC ni Federal, hao wako Anoka hapa hapa jimboni kwetu. LC ni Lake City, kiwanda cha jeshi kule Missouri. PPU ni ya Serbia, S&B ya Ucheki, Lapua ya Ufini. Usichanganye viwanda kwa boksi moja manake unene wa ukuta sio sawa, na ganda lenye ukuta mnene lina nafasi ndogo ndani, baruti ile ile inatoa msukumo mkubwa zaidi. Maganda ya jeshi ya 7.62x51 (sio ile 7.62x39 ya Kirusi) mara nyingi ni mazito kuliko ya .308 ya dukani ingawa kwa macho ni pacha. Kitabu chako kitakuambia ushuke kiasi gani, kifuate.

Na soma namba ya risasi yenyewe, usitegemee macho. .308, .243 na 7mm-08 ni ukoo mmoja, kitako kile kile. .30-06 na .270 pia zinafanana. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua mfuko kwa muuzaji mmoja kwa maonyesho ya bunduki, aliniapia yote ni .30-06, nikakuta .270 kumi na kitu ndani. Ningejua siku hiyo ningemwaga mfuko mezani nisome moja moja kabla ya kutoa pesa, na hivyo ndivyo nafanya mpaka leo.

Ukiokota na risasi nzima ambayo haikulia, usiiweke na maganda. Wape wenye uwanja, karibu kila uwanja una ndoo ya hizo.

Ni kweli huu uchafu ni sumu? Mke wangu hataki hii kazi ndani ya nyumba.

Shemeji ana haki, na ningekuwa na uwezo hili swali ningeliweka juu ya yote.

Sisi lugha yetu yenyewe imetuambia, risasi ni ile ya bunduki na risasi ni yale madini. Praima nyingi zina madini ya risasi ndani pamoja na bariamu na antimoni, zikiwaka inabaki vumbi ya kijivu ndani ya ganda na kwenye kishimo. Hiyo vumbi ukiivuta ama ukiila kwa vidole inaingia kwa damu, na kwa mtoto inaharibu ubongo unaokua. Wakuu wa afya wa Marekani, CDC, wanasema hakuna kiwango kwa damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama, na tangu 2021 kiwango chao cha kumfuatilia mtoto ni maikrogramu 3.5 kwa desilita. Hiyo ni kidogo sana, haionekani kwa macho, inatoka kwa sweta yako unapombeba.

Kwa hivyo nyumbani kwangu iko hivi. Kazi inafanyika gereji, mlango wazi, mtoto haingii hata kidogo. Glavu za mpira. Sili wala sinywi kitu huko, hata chai yangu naiacha jikoni. Kukausha na kuchekecha vumbi ni nje, na barakoa nzuri, sio ile ya kitambaa. Nikimaliza napangusa meza na kitambaa kilicholowa, sipigi ufagio manake ufagio unaipandisha hewani, nanawa mpaka kwenye viwiko, navua nguo pale pale zinafuliwa peke yake. Hakuna chombo kinachotoka jikoni kwenda gereji kikarudi. Sufuria, chujio, karai, kijiko, kikishaingia kwa hii kazi kimehama ukoo, nimevipaka rangi nyekundu ili mama watoto akikiona ajue.

Na ukienda kwa daktari, wewe na watoto, omba kipimo cha damu cha madini ya risasi. Ni kipimo cha kawaida, usione aibu kueleza kwa nini.

Maji machafu nimwage wapi?

Sio kwa sukuma wiki. Hayo maji yana yale yale madini. Mimi huyaacha kwa ndoo yatulie, na kaunti nyingi huku zina mahali pa kupokea taka hatari za nyumbani, uliza ya kwako wanataka uyalete vipi.

Nitoe praima kwanza ama nioshe kwanza?

Kama unaosha na maji, toa kwanza, ili kishimo kisafike na kikauke. Tumia dai ya kutoa praima peke yake, ile isiyogusa ukuta wa ganda, usipitishe ganda chafu kwenye dai ya kurudisha umbo manake mchanga kidogo tu unachora dai na dai inachora kila ganda litakalofuata. Kama unasafisha kavu, kwa mashine ya punje nitakayoieleza chini, unaweza kuacha praima ndani, punje hazitaziba tundu.

Praima ambayo haijalia unaweza kuitoa lakini polepole, kwa kusukuma bila kugonga, miwani usoni, na moja kwa wakati. Mtu akiwa na haraka asiiguse.

Sina mashine, naweza kuosha na mkono?

Ndio, na ukiwa na maganda hamsini hakuna haja ya mashine. Maji ya moto kwa ndoo yenye mfuniko, sabuni ya vyombo kidogo, asidi ya sitriki ile ya unga robo ya kijiko cha chai kwa kila lita nne hivi, tia maganda, tikisa dakika chache, acha kama dakika kumi, tikisa tena, mwaga, suuza na maji safi mara tatu ama nne mpaka maji yasiwe na povu. Ndani ya shingo pitisha brashi. Hayatang'aa kama ya dukani lakini ufa utauona, na ndio tunataka.

Mashine gani ninunue basi?

Kuna aina tatu na nimetumia zote.

Ya kutetemeka, kavu, unaweka magunzi ya mahindi yaliyosagwa ama maganda ya walnati yaliyosagwa, masaa mawili mpaka manne. Magunzi yanang'arisha, walnati inakwangua uchafu zaidi. Ni rahisi, haina maji, hakuna kukausha. Shida ni vumbi, ile vumbi niliyosema pale juu, siku ya kumwaga hizo punje unaiona inapanda kama moshi. Katakata kitambaa kimoja cha mashine ya kukausha nguo utupe ndani, kinashika vumbi nyingi, na uchekeche nje ukiwa umesimama upepo unakotoka.

Ya maji, pipa linalozunguka na pini ndogo za chuma kisichoshika kutu. Kwa pipa la wastani kipimo cha watu wengi ni pauni 5 za pini, pauni 2 za maganda, galoni moja ya maji, sabuni ya vyombo na ile robo ya kijiko ya sitriki. Hii inasafisha ndani, nje, mpaka kishimo cha praima, yanatoka kama mapya, na vumbi yote imebaki kwa maji. Kwa mtu mwenye watoto nyumbani mimi namwambia anunue hii. Lakini usiiache usiku kucha, saa moja mpaka mbili na nusu inatosha, ikizidi midomo inagongana inajikunja kama imepigwa nyundo. Na pini, jamani, pini! Chungulia kila ganda, kila moja, hakikisha hakuna pini imebaki ndani ama mbili zimekwama kwenye tundu la moto. Mimi nagonga kila ganda mdomo chini halafu napiga tochi.

Ya tatu ni ya mawimbi ya sauti, dakika kumi mpaka kumi na tano kwa duru, inatoa uchafu ndani vizuri lakini haing'arishi. Nzuri kwa maganda machache.

Shosho yangu Lamu alisafisha sinia za shaba na ukwaju na ndimu, hiyo haifai?

Shosho alikuwa sawa, kinachofanya kazi kwa ndimu ni ile ile sitriki tunayonunua kwa unga, na ukwaju una asidi yake pia. Kwa ganda natumia unga manake napima, ndimu huwezi kujua nguvu yake, na matunda yanaacha sukari na nyuzi ndani. Siki inakwangua sana, wachana nayo. Majivu na mchanga yaache kwa sinia.

Lakini dawa za kung'arisha za chupa, Brasso na wenzake zenye amonia, usitumie kabisa kwa ganda. Amonia inaingia kwenye shaba iliyo na mkazo ndani yake na inaipasua kutoka ndani. Hii ilijulikana zamani kwa njia mbaya. Jeshi la Waingereza kule India walikuwa wanaweka risasi kwa mazizi ya farasi wakati wa masika, wakija kuzitoa wanakuta maganda yamepasuka yenyewe yakiwa yamelala tu, hakuna aliyeyagusa. Ilikuwa amonia ya mikojo ya farasi pamoja na unyevu, na maelezo kamili ya kisayansi yalikuja 1921. Kwa hivyo soma chupa, ukiona amonia irudishe dukani.

Maganda yangu yametoka na rangi ya pinki.

Umezidisha asidi ama umeyaacha sana, zinki imetoka juu ikabaki shaba nyekundu. Ikiwa ni rangi nyepesi tu juu juu, suuza vizuri, punguza asidi na muda. Ikiwa imekula mpaka kuna vidoti na mashimo, tupa.

Na haya yana rangi ya bluu na zambarau shingoni, ni uchafu?

Hapana, hiyo ni alama ya moto wa kiwandani, wamelainisha shingo kwa makusudi. Maganda ya jeshi yanaachwa nayo, viwanda vingine vinaing'arisha itoke. Ni dalili nzuri.

Nikaushe vipi?

Jua, kama uko mahali pana jua. Huku Desemba hakuna, kwa hivyo nina kile kikaushio cha matunda, nilikinunua mitumba na ni cha maganda peke yake. Yapange mdomo chini kwanza yamwage maji, halafu yalale. Watu huniuliza juu ya oveni ya jikoni, nimeshasema juu ya vyombo vya jikoni, jibu ni hapana, na mbali na sumu oveni ikizidi moto unalainisha kitako na ganda hilo limekufa bila dalili yoyote ya nje. Hakikisha kishimo cha praima kimekauka, tone moja la maji linaua praima na linaharibu baruti.

Nikague nini hasa?

Hapa kaa chini, weka taa nzuri, usiwe na redio. Mdomo na shingo, tafuta mpasuko wa kushuka chini, hata kama wa milimita mbili, tupa. Bega na tumbo, tafuta ufa, na mabonde makubwa. Kibonde kidogo cha duara hakina shida, kitajinyosha kikipigwa tena. Kishimo cha praima, kama praima mpya inaingia kwa kidole bila kupinga, kishimo kimelegea, tupa. Masizi kuzunguka praima iliyotoka ni alama ya moshi uliovuja.

Halafu kile ambacho kinaogopesha zaidi. Juu kidogo ya kitako, karibu robo inchi, tafuta pete inayong'aa inayozunguka ganda. Ganda likipigwa linavutika, tukilirudisha umbo tunalisukuma, likipigwa linavutika tena, na pale ndipo ukuta unapungua kila mara mpaka siku moja kitako kinatoka peke yake na mwili unabaki ndani ya chemba na moto unarudi. Pete ya nje saa zingine ni alama ya dai tu, kwa hivyo huwezi kuamini macho. Chukua kibanio cha karatasi, kinyooshe, ncha yake ipinde kidogo kama ndoano na uinoe, ingiza ndani mpaka chini halafu vuta juu polepole ukiisugua ukutani. Ikiruka kwenye mfereji, kama ukucha unavyokwama kwenye ufa wa meza, tupa ganda hilo, na angalia yote ya kundi hilo manake yameishi maisha sawa.

Mwaka 2017 nilikuwa na maganda arobaini ya .308 ninayoyapenda, mazuri, yanang'aa, nikayakagua nje tu. Rafiki yangu alinikumbusha kibanio. Kati ya arobaini, tisa yalikuwa na mfereji. Nilikaa kwa stuli ya gereji muda mrefu nikiyaangalia, manake msimu ulikuwa wiki mbili mbele na mwanangu mkubwa alikuwa aje apige na bunduki ile. Nilitupa yote arobaini.

Kosa lilikuwa langu, dai nilikuwa nimeiweka chini sana, nasukuma bega nyuma kupita kiasi kila mara. Kwa bunduki ya kukokota kwa mkono, kurudisha bega nyuma inchi 0.001 mpaka 0.002 tu kunatosha. Nunua kile kipimo cha bega kinachofungwa kwa kalipa (kile kifaa cha kupima kwa kubana), na upime ganda lililotoka kwa bunduki yako kabla ya kuweka dai.

Ganda limekwama ndani ya dai, nifanyeje?

Hukupaka mafuta. Lazima upake, nyembamba, mwili mzima na kidogo ndani ya shingo. Lanolini iliyochanganywa na spiriti inafanya kazi vizuri, nyunyiza, acha spiriti ikauke dakika chache, halafu anza. Yakizidi begani yanaacha bonde, yakikosekana linakwama. Lililokwama linatolewa na kifaa chake, unatoboa kitako, unakata nyuzi za skrubu, unavuta. Usigonge na nyundo. Na ukimaliza kazi, futa mafuta yote, ganda lenye mafuta halibani ukuta wa chemba inavyotakiwa na mzigo unaenda kwa boliti, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma.

Urefu ni lazima nipime?

Lazima, kila moja, baada ya kurudisha umbo na sio kabla. Ganda linarefuka likipigwa, na likizidi mdomo unaingia mahali mtutu unapoanza kubana, unakishika kichwa cha risasi kisitoke, msukumo unaruka juu. .308 mwisho ni inchi 2.015, ikizidi kata mpaka 2.005. .30-06 mwisho 2.494, kata 2.484. .223 mwisho 1.760, kata 1.750. Ukishakata, zungusha kinoleo cha mdomo ndani na nje, mizunguko miwili mitatu tu ya kuondoa makali, usiutengeneze kisu.

Praima mpya zinakataa kuingia kwa maganda ya LC.

Jeshi linabana praima na pete ili isitoke. Ukiona pete imezunguka praima ya zamani, na mara nyingi alama ya msalaba ndani ya duara, yaani NATO, ujue imebanwa. Lazima utoe hilo bano, ama kwa kifaa cha kuisukuma ama cha kuikwangua, mara moja tu maisha yote ya ganda. Usilazimishe praima mpya. Kulazimisha praima ndiko kunakozilipua.

Nipashe shingo moto kama wale wa video?

Mwanzo hapana. Shaba inakuwa ngumu kila ikipigwa na kurudishwa umbo, mwishowe shingo inapasuka, na moto unailainisha tena, hilo ni kweli. Lakini moto ukishuka mpaka kitako umelainisha sehemu inayozuia zile pauni 62,000, na hakuna njia ya kuirudisha. Usiamini rangi peke yake, kuna rangi maalum ya kupaka inayoyeyuka kwa kipimo chake, nyuzi 750 za Farenhaiti ndio inatumika sana kwa shingo. Pata mtu akuonyeshe mkono kwa mkono. Mimi hufanya kila baada ya mara tatu.

Ganda moja litapigwa mara ngapi?

Kwa bunduki yangu ya kukokota, baruti ya kiasi cha wastani, nafika nane mpaka kumi. Kwa bunduki inayojikokota yenyewe, inayovuta ganda nje kwa fujo, nikifika nne ama tano naacha. Lakini ganda likikataa mara ya pili, ni mara ya pili.

Nikishamaliza niyaweke wapi?

Kavu, kwa boksi la plastiki lenye mfuniko, mbali na sabuni na mbolea na choo cha paka, yote hayo yanaweza kutoa amonia. Juu ya boksi andika aina, kiwanda, yamepigwa mara ngapi, tarehe uliyokata na uliyopasha. Boksi lisilo na maandishi mimi nalihesabu limepigwa mara nyingi, naanza na kibanio. Na yale uliyokataa, yaminye mdomo na koleo pale pale kabla hujainuka, ili yasije yakarudi mezani kwa bahati mbaya. Nina debe lake karibu na mlango, likijaa napeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wanayapokea kama shaba ya manjano ilimradi hakuna praima nzima ndani.